Ametangulia, Sisi Tuko Nyuma

Mliokuwa nami wiki jana mnakumbuka nilipokatia: wifi yangu kapanda juu ya kigoda cha dukani kwangu, kaingiza ukucha chini ya kadi ya kwanza ukutani, na mimi nimesimama na pasi mkononi namtazama.

Aliyechelewa nitamwambia kwa kifupi, maana kurudia rudia sipendi. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele, na chumba cha nyuma ndiko ninakolala. Mume wangu alikuwa mchora mabango. Alidondoka kutoka juu ya ngazi akichora ukuta wa duka la mikate, amebakiza herufi moja tu. Herufi yenyewe mpaka leo haijaandikwa, napita pale naiona ilivyokosekana.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Wifi, dada yake mkubwa, akabaki. Alisema amebaki kunipoza. Anachofanya ni kunichunguza.

Kosa langu kwake ni moja: sijalia. Sikulia msibani, sikulia baada ya msiba, na wala sioni dalili. Najaribu, msidhani sijaribu. Nakaa, namkumbuka, nangoja, hakiji kitu. Naamka, nawasha pasi.

"Nabandua," akasema wifi kutoka juu ya kigoda.

"Bandua," nikamjibu. "Usichune rangi tu, nyumba ya watu hii."

Akageuka akanitazama. Alikuja na ugomvi tayari mdomoni, sasa hana wa kugombana naye.

"Yaani hata huna uchungu na vitu vya mumeo?"

"Si umesema ni takataka, wifi? Toa takataka."

"Wewe mwanamke wewe! Mimi nasema ni takataka kwa sababu ni ndugu yangu. Wewe unatakiwa ukatae!"

Sasa nyinyi niambieni, mtu kama huyo unaishi naye vipi?

Ukuta wenyewe niwaeleze, maana ndio chanzo cha yote. Ulikuwa umejaa kadi kutoka chini mpaka darini. Mume wangu hakuwahi kupanda ndege, wala pasipoti hakuwa nayo, lakini alikuwa na marafiki kila pembe ya dunia, na hakumjua hata mmoja kwa sura. Alimwandikia mtu asiyemjua, mtu asiyemjua akamjibu, basi, urafiki. Mtaani walimwita Stempu.

Kadi za kununua hapa kwetu hazipo, kwa hiyo alizitengeneza mwenyewe. Malighafi alizitoa kwangu. Sabuni ikiisha alikuwa anakata boksi lake vipande, upande mmoja anachora, upande wa pili anaandika. Alichora kamba yangu ya kuanikia, ndoo zangu, na mimi nimeinama kwenye karai, mgongo tu ndio unaonekana.

"Unapeleka mgongo wangu kwa watu?" nilimuuliza siku moja.

"Ndio upande ninaoujua zaidi," akasema, na akaanza kucheka kabla hajamaliza kusema. Ndivyo alivyokuwa, utani wake hukuweza kuusikia mwisho.

Siku nyingine alisahau kufuta maneno ya boksi. Kadi ikaenda mpaka kwa muuguzi mmoja wa nchi za baridi, imeandikwa pembeni "Huondoa madoa sugu bila kuchosha mkono." Muuguzi, Kiswahili chenyewe hakijui, akajibu kuwa shairi linaonekana zuri, na akauliza limetungwa na nani. Mume wangu akamwandikia: na mke wangu. Nilikasirika siku ile, lakini mkisikia nawaambia, nilikasirika huku nataka kucheka.

Jioni alikuwa akinisomea kadi mimi nikipiga pasi. Nilijifanya sisikilizi. "Huyu anasema kwao barafu imefika mpaka dirishani, hawezi kufungua mlango." Nikasema bila kuinua kichwa, "Mwambie aipige pasi." Kumbe kaandika! Ikapita miezi, kadi ikarudi: "Mwambie mkeo nimejaribu. Waya wa pasi haukufika nje." Siku ile tulicheka mpaka mteja mlangoni akauliza kuna nini. Tungemwelezaje? Tulikuwa tunataniana na mtu ambaye hatukujua hata ana umri gani.

Basi hizo ndizo takataka za wifi.

Kati ya wote hao, mmoja tu alijua Kiswahili. Ni mzee, dereva wa treni mstaafu wa huko mbali. Alikipenda Kiswahili kupitia kadi za mume wangu, akanunua kamusi kuukuu, akawa anajifunza neno kwa neno. Mume wangu akambatiza jina Mzee Kamusi, na mwenyewe akalipokea, akawa anatia sahihi hivyo. Mimi aliniita shemeji. Hilo alifundishwa na mume wangu, na hakukosea hata mara moja.

Mzee Kamusi ana binti anayefanya kazi nchi jirani. Alikuwa aje kumwona, na safari hiyo ndiyo wakaamua hatimaye waonane. Walipatana hivi: kwenye stesheni ya mpakani, mwisho wa reli, chini ya saa kubwa. Mume wangu atatangulia kwa treni, mimi nitafuata nikimaliza nguo za wateja. Alimwandikia mpango wote, na namba yake ya simu akaiweka chini, kwa dharura. Kwa kawaida hawakupigiana. Mume wangu alikuwa akisema simu ni ya watu wanaojuana.

Halafu ikaja ile ngazi.

Baada ya msiba niliona nina wajibu wa kuwajulisha. Wale wengine mwalimu jirani aliniandikia kwa lugha yao. Mzee Kamusi nikasema huyu namwandikia mwenyewe, si anajua Kiswahili? Nikakata boksi la sabuni kama mume wangu alivyofanya, nikaandika, nikatuma.

Haya, turudi kwenye kigoda.

Wifi alikuwa amebandua safu ya kwanza, karibu na dari, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Posta, mwanamke anayetugawia barua mtaa huu. Zamani alikuwa anaingia anapiga kelele, "Stempu, wake zako wa Ulaya hao!" Siku hizi anaingia taratibu, anatoa barua kama anaomba radhi.

"Ipo moja tu, dada," akaniambia. "Ina treni mbele."

Sikuwa na mkono, mmoja una pasi na mwingine una shati. Wifi akashuka akaidaka.

"Kumbe hii ya Kiswahili!" akasema. "Leo tutajua huyo mtu wenu anaandika nini." Akasogea penye mwanga, akasoma kwa sauti.

"Shemeji mpendwa. Asante kwa kadi yako. Nimefurahi sana kusikia rafiki yangu ametangulia."

Akasimama. Akarudia mstari kwa macho.

"Amefurahi? Ndugu yangu yuko mchangani, mtu anaandika amefurahi?"

"Endelea," nikasema.

"Niendelee nini! 'Yeye ni mtu hodari!' Eti hodari! 'Wewe usiwe na haraka huko nyuma. Piga pasi vizuri. Na mimi namfuata upesi. Mzee Kamusi.'"

Akaipiga kadi juu ya meza yangu, mashati yakaruka.

"Anamfuata? Na amfuate! Nani kamshika mguu? Amfuate, tena leo leo! Mshenzi mkubwa, kufurahia msiba wa watu!"

Mimi nilikuwa nimefika kwenye kola. Kola ina kanuni yake, unaanzia pembeni unakuja katikati. Nikaimaliza. Nilisikia kila alichosema, lakini kiliishia masikioni.

Mama Posta ndiye aliyeiokota kadi. Akaisoma kimya, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hebu, dada. Wewe ulimwandikia nini huyu mzee?"

"Nilimwandikia kama inavyoandikwa."

"Sema maneno yenyewe."

Nikayasema, nayajua kwa moyo: "Rafiki wa mume wangu, salamu. Mume wangu ametangulia. Sisi tuko nyuma."

"Si ameandika vizuri tu?" wifi akadakia. Ni mara ya kwanza tangu aje ananitetea. "Ulitaka aandikeje? Amekufa? Ndugu yangu ni kuku?"

Mama Posta aliweka kiganja mdomoni, akakiacha hapohapo. "Dada," akasema kupitia vidole, "si mlipatana naye kuwa mumeo atatangulia na wewe utafuata?"

Jamani.

Niliiweka pasi chini. Nadhani niliiweka vibaya, mtaona baadaye.

Nyinyi mnaosoma mtasema huyu mama mjinga. Sawa. Lakini niambieni, nani kati yenu humwita mtu wake kwa neno lile? Mimi neno ninalo. Nakufa njaa, nasema. Nakufa na kiu, nasema. Nimekufa ganzi, hilo nalisema kila siku. Ila kuliweka karibu na mume wangu, liwe lake, hapana. Tangu siku ile ya ngazi halijanitoka mdomoni.

"Walipatana kukutana siku gani?" Mama Posta akauliza.

Tukageuka wote watatu kwenye kalenda nyuma ya mlango. Mume wangu alikuwa ameizungushia siku yenyewe duara kwa rangi nyekundu ya mabango. Lilikuwa kubwa, lilionekana kutoka barabarani, na mimi nimelipita asubuhi na jioni nisilione.

Ilikuwa ni leo.

Hapohapo simu ya marehemu ikalia.

Ndiyo, ya marehemu. Iko kwenye droo ya vifungo, kila siku naichaji, msiniulize kwa nini. Wifi aliruka akakanyaga kigoda, kikapinduka.

"Nani anampigia? Nani anampigia ndugu yangu?"

Nikafungua droo, nikapokea. Simu yenyewe ina sauti kubwa, chumba kizima kinasikia.

"Hapa ni polisi wa stesheni ya reli, mpakani," sauti ya kijana ikasema. "Nazungumza na nani?"

"Na mke wa mwenye simu."

"Vizuri, mama. Tuna mzee mmoja hapa, mgeni. Amekaa chini ya saa tangu alfajiri, chai tumempa. Anataka kuandikisha mtu aliyepotea. Mumeo."

"Hajapotea."

"Mzee anasema alitoka nyumbani akatangulia, na hajafika. Alitoka lini?"

Nikafikiri. "Kabla ya mvua kuanza."

"Mama! Mvua zimeanza mpaka zimekwisha, mume hayupo, na wewe umetulia tu?"

"Ametangulia, afande," nikasema.

Yule ni wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Sauti yake iliporudi ilikuwa imeshuka.

"Loo. Pole sana, mama. Pole mno."

"Nisaidie kumwambia huyo mzee."

"Nimwambie kwa maneno gani? Nikisema hatunaye tena, ataniuliza yuko na nani. Nimeshinda naye, namjua. Hapana mama, hilo ni lako."

"Mpe simu basi."

Nikasikia hatua, nikasikia simu inabadilisha mikono. Halafu ile sauti, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Ilikuwa nzito, inaweka neno moja, inapumzika, inaweka jingine.

"Shemeji! Hujambo. Pole na kazi."

"Sijambo, shemeji."

"Usiogope. Mimi niko hapa. Nimemwambia polisi, tafuta mtu mwenye rangi kwenye kucha. Mtu anayecheka kabla utani haujaisha. Ni rahisi kumwona, ndiyo?"

Hayo mimi sikumwambia. Nilidhani duniani ninayajua peke yangu. Kumbe yuko mtu ameyabeba kutoka mwisho wa dunia, amekaa nayo chini ya saa, anamtazama kila anayeshuka kwenye treni. Niliona vibaya sana kwa ajili yake. Hilo nililisikia, ingawa lilikuwa mbali.

"Shemeji," nikasema, "mume wangu amefariki."

"Fariki." Akalionja. "Neno hili sina. Subiri, kitabu ninacho."

"Shemeji, ngoja..."

Alishaanza. Nikasikia kurasa. Nikasikia kidole kinateremka, naye anajisomea kwa furaha ya mwanafunzi. "Fa... fa... Faraja. Hapana. Farasi." Akacheka kidogo. "Hapana, si farasi. Fariji..."

Kidole kikasimama.

Nyuma yake kipaza sauti cha stesheni kilikuwa kinatangaza. Kilimwita mume wangu kwa jina lake lote, na la baba yake, kikamwomba afike chini ya saa, kuna mgeni wake anamsubiri.

"Shemeji," mzee akasema polepole. "Hapa wameandika kufa. Lakini kitabu changu ni cha zamani sana. Labda wamekosea?"

Wifi alikuwa mbele yangu anatikisa kichwa, hapana, hapana, usiseme. Mama Posta alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Hawajakosea," nikasema. "Mume wangu amekufa."

Lilitoka kwa sauti ileile ninayowaambia wateja kuwa nguo zao ziko tayari. Wifi akakaa chini palipo na kigoda kilichopinduka, akaachia kilio ambacho nadhani alikuwa anakitunza mpaka mimi nianze. Mimi nilisikia harufu ya kuungua. Nikageuka, pasi ilikuwa imekula mgongo mzima wa shati la watu. Nikaichomoa kwenye umeme, nikarudi kwenye simu.

"Shemeji? Upo?"

Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu. Kipaza sauti kikaanza tena kumwita mume wangu, kwa jina lake na la baba yake.

"Mama, ni mimi tena," polisi akasema. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Afande, kwanza nenda ukazime hilo tangazo. Halafu mwambie asiondoke, akae palepale. Mwambie mimi niko nyuma, nakuja."

"Nyuma ya nini?"

"Yeye ataelewa."

Akaenda. Mimi nikawa nimeshavaa kiatu kimoja, cha pili nakitafuta kwa mguu chini ya meza. Mama Posta bila kuulizwa akawa anahesabu kwa sauti treni ipi niwahi. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kuwa mtu yule hawezi kuachwa pale. Kipaza sauti kikakatika katikati ya jina.

Polisi akarudi anahema.

"Mama, mzee umemwambia aende wapi?"

"Sijamwambia aende popote. Nimekuambia akae."

"Begi lake lipo. Kitabu chake kipo juu ya benchi, kimefunuliwa. Yeye hayupo. Mimi nimempa kisogo kidogo tu, nazima tangazo." Akasema na mtu pembeni, kisha akarudi, sauti imebadilika. "Mama, mpagazi hapa anasema kamwona anashuka kuelekea relini."

Wifi alisikia. Kilio kikamkatika. Alikuwa pale sakafuni, na kadi ya treni imerudi mkononi mwake, sijui aliiokota saa ngapi. Aliitazama, akanitazama mimi, akaninyooshea, kidole chake kikiwa chini ya mstari wa mwisho.

"Wifi," akasema, "mimi nilisema tu. Si unaujua mdomo wangu?"

Mzee wa watu aliuandika kwa kamusi, akiwa na furaha yake, akijiandaa na safari. Safari hii niliusoma kama tunavyousoma sisi.

Na mimi namfuata upesi.